Nafasi ya Sita

Siku Guk Changhun aliposema anajitoa kwenye somo la hesabu za uwezekano, Tak Yeonju aligeuka ghafla kumtazama. Msidhani ilikuwa huruma. Hakuwahi hata kumsalimia vizuri kijana yule aliyekaa nyuma kabisa, karibu na kipasha joto, akipiga miayo. Alichofanya Yeonju ni kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kumtisha.

Chuoni kwao A hapewi anayejua. Anapewa anayejua kuliko wenzake. Katika kila wanafunzi kumi, watatu ndio wa A, na kipande kinachobaki kwenye hesabu kinatupwa. Darasa la Profesa Noh lilikuwa na watu ishirini, kwa hiyo A zilikuwa sita. Akiondoka mmoja wakabaki kumi na tisa, A zinakuwa tano. Na matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula yalipobandikwa, Yeonju alikuwa wa sita.

Changhun alikuwa wa ishirini. Wanafunzi wa pale walikuwa na jina la watu wa namna hiyo: mkeka. Ndiye anayelala chini ili wengine wapate pa kukaa. Kila darasa linaomba kimoyomoyo lipate mikeka miwili mitatu: waliorudi kutoka jeshini wamesahau hata kugawanya, wacheza mpira, watu waliojiandikisha kwa kubofya kimakosa. Wala hakuna anayewacheka mbele yao. Wananunuliwa kahawa, wanaulizwa hali za wazazi, wanaambiwa wasikate tamaa. Nani anataka mkeka uondolewe na huku ameshaukalia?

Lililombana Yeonju ni ufadhili. Idara yao ya takwimu ilikuwa inamsomesha bure mwanafunzi mmoja tu wa kila mwaka wa masomo, mwenye wastani wa juu kuliko wote, na kwa mihula miwili mfululizo mwanafunzi huyo alikuwa yeye. Nyuma yake, karibu mno kiasi cha kumsikia akipumua, alikuwepo Ok Dain, rafiki yake na mwenzake wa chumba. Masomo mengine yote walikuwa bega kwa bega. Lilibaki hili la Noh, ambamo Dain alikuwa wa tatu bila jasho. Yeonju akipata A, ufadhili unabaki kwake kwa tofauti ndogo kama unywele. Akipata B, unahama kutoka kitanda cha dirishani kwenda kitanda cha mlangoni, na safari imekwisha.

Imekwisha kweli, maana mama yake alishasema. Mama alikuwa anauza vitoweo vya kuchachusha sokoni katika mji wa Jeongeup, na tangu apasuliwe kifundo cha mkono hakuweza kuinua beseni. Ufadhili ukikatika, alisema kwenye simu, chuo kisubiri mwaka mmoja, Yeonju aje kupaka kabichi chumvi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemtajia mteja bei. Binamu yake Yeonju alirudi nyumbani namna hiyohiyo, kufanya kazi dukani kwa mwaka mmoja tu, na sasa ana watoto wawili na bado anapanga makopo kwenye duka lilelile.

Kwa hiyo Changhun aliposema anajitoa, Yeonju alikuwa wa kwanza kugeuza shingo. Dain naye aligeuza yake, ila kwa utulivu. Walipofika chumbani, Dain alikuwa ameshakuwa mtetezi mkubwa wa haki za binadamu.

“Mwache mwenzio apumue,” alisema huku akikausha nywele. “Somo linamtesa. Wewe ungependa kung’ang’anizwa?”

“Tangu lini unamhurumia?”

“Tangu leo asubuhi.”

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyependa kicheko cha mwenzake.

Siku ya mwisho ya kujitoa kwenye masomo ilikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana Yeonju alinunua kimbap mbili, ule wali uliozungushiwa mwani, na kahawa mbili za kopo, akaenda kumwinda Changhun. Alimkuta kwenye benchi la ghorofa ya pili, nje ya maabara ya kompyuta, amelalia begi lake. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mkubwa kuliko darasa zima, na kabla ya vipindi vya asubuhi alikuwa anapakua vifurushi kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji nje ya mji. Aliishi kwa dada yake, na nguo zake zilinuka gundi ya maboksi.

Yeonju alimwita kaka, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa kaka yeyote. Alimkumbusha sheria ya Profesa Noh. Profesa alikuwa anaitangaza kila mwanzo wa muhula: mtu akifanya vizuri zaidi mtihani wa mwisho, ule wa katikati unafutwa, kana kwamba hakuufanya. Darasa zima hutabasamu likisikia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuonekana akifaidika na sheria hiyo. Yeonju mwenyewe hakuiamini. Lakini aliieleza pale kwenye benchi kwa moyo wote, kama anauza dawa ya mafua, na mwishoni akasema atamfundisha yeye mwenyewe.

Changhun alijiinua kutoka kwenye begi. Akaifungua kimbap, akachagua kile kipande cha mwisho ambacho kina vitu vingi vinavyochomoza, akala.

“Unifundishe kwa nini?” aliuliza.

“Ukimfundisha mtu, na wewe unaelewa zaidi.”

“Aha,” alisema Changhun, akaendelea kutafuna. “Haya, mwalimu.”

Walianza palepale. Yeonju alichora malori mawili na maboksi, kwa kuwa ndicho kitu alichodhani mtu huyu atakijua, akamwonyesha jinsi ya kutafuta boksi lililovunjika limetoka lori lipi. Changhun alifuata vizuri mpaka kwenye mstari wa mwisho, kisha akaweka kidole kwenye karatasi. Aliuliza kwa nini hapa wanagawanya, na kwa nini kwa namba hii na si nyingine. Yeonju akamjibu kwamba ndiyo kanuni. Changhun akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Ijumaa ikapita. Changhun hakujitoa. Yeonju alifungua tovuti ya chuo jioni ile, akaona bado wako ishirini, akala chakula kizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mpango wake ulikuwa mfupi na hauna aibu: kuanzia wiki inayofuata angekuwa na shughuli nyingi, kisha zaidi, kisha angekuwa anampungia mkono kwa mbali. Mkeka ulishatandikwa, na mlango wa kutokea ulishafungwa.

Ila lile swali halikumwacha. Kwa nini tunagawanya? Alikuwa nalo akiosha uso, akimenya yai, akisubiri taa ya barabarani ibadilike. Alikuwa amepata alama nzuri miaka mitatu kwa kanuni ile na hakujua kwa nini inafanya kazi. Jumapili mchana, akiwa anakunja soksi, likamjia: ukishajua kwamba boksi limevunjika, maboksi yote mazima yameondoka kwenye habari. Umebaki na machache, kwa hiyo unahesabu kati ya hayo machache tu. Lilikuwa jambo dogo kabisa, na lilimkasirisha kwamba hakuna aliyewahi kumwambia, wala yeye hakuwahi kuuliza.

Jumatatu akachukua madaftari yake.

“Unaenda wapi?” Dain aliuliza kutoka kitandani.

“Kwa Changhun.”

“Ijumaa si imepita? Yule hawezi tena kujitoa.”

“Nimemwahidi kumweleza kitu.”

Dain aliinuka akaketi. “Yeonju, we ni mjinga kweli au unajifanya?”

Yeonju alivaa viatu. Akatoka na madaftari yake.

Kuanzia hapo hakuwa na raha tena. Kila akienda kwenye lile benchi aliapa kwamba leo atamfundisha kidogo tu, juujuu, kiasi cha mtu kutofeli. Na kila mara Changhun aliuliza kwa nini, mdomo wa Yeonju ukamsaliti. Maelezo yalimtoka yote kabla hajayazuia, na alipokosa maelezo alirudi chumbani na swali, akayatafuta, akayaleta kesho yake kama deni. Siku moja Changhun alimaliza swali gumu kabla yake. Yeonju alifurahi kweli, akapiga makofi, furaha ikamfikisha mpaka kwenye ngazi. Katikati ya ngazi akasimama. Mtu huyu alikuwa anapanda, na juu kulikuwa na viti sita tu.

Kitu kimoja alimficha. Kulikuwa na mitihani ya zamani ya Profesa Noh, rundo la nakala ambalo wanafunzi wa juu huwarithisha wa chini kwa kuchagua, na Yeonju alikuwa nalo. Lilikaa ndani ya begi lake, chini ya benchi, kati ya miguu yao. Kila Changhun alipoinama kuokota kalamu, yeye alilisukuma begi nyuma kwa kisigino. Usiku alikuwa anayakariri maswali yale mpaka akayajua kwa mpangilio. Ilikuwa kinga yake, na aliona si dhambi kubwa: amempa mtu kila kitu, abaki na kimoja chake.

Mama alipiga simu mwanzoni mwa Desemba. Aliuliza kama ufadhili upo au haupo, kwa kuwa msimu wa kabichi umefika na anataka kujua aajiri mtu au asiajiri. Yeonju akasema upo.

“Upo, au utakuwepo?”

“Upo, mama.”

“Haya. Basi naajiri.”

Siku ya mtihani Profesa Noh aliingia na bahasha, akagawa karatasi bila kusema neno. Yeonju alifungua yake akasoma swali la kwanza, la pili, la tatu, kisha akarudia la kwanza. Hakuna hata moja la zamani. Mzee alikuwa ameyatupa yote. Yalikuwa maswali matano, na kila moja liliishia vilevile: eleza kwa nini. Mengi aliyajua, na aliyajua kwa sababu ya lile benchi, lakini swali la nne lilimkataa. Alilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Nyuma yake, karibu na kipasha joto, kalamu ilikuwa inaandika bila kusimama, na aliijua kalamu ile kwa kuwa ndiyo aliyomkopesha Changhun.

Matokeo yalitoka wiki ya Krismasi. Mtihani wa katikati wa Changhun ulifutwa kama sheria ilivyosema. Changhun alikuwa wa sita. Yeonju alikuwa wa saba, nyuma yake kwa alama moja na nusu, na kwenye safu yake palikuwa na B.

Dain alimkumbatia akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Ufadhili nao ulikuwa wa kweli. Alisema watagawana chochote, kila kitu, na Yeonju akamshukuru, na wote wawili walijua ufadhili ule haugawanyiki.

Kulikuwa bado na siku tatu za kurekebisha matokeo. Ni kipindi ambacho maprofesa huchukia kufungua simu, kwa kuwa kila mwanafunzi anawaandikia: profesa, samahani kukusumbua, naomba uniangalizie tena. Yeonju aliandika ujumbe wake akaufuta, akaandika mwingine akaufuta. Hakukuwa na kosa la kurekebisha. Swali la nne alikuwa amelikosa kihalali.

Siku ya tatu mchana Changhun akampigia. Alimwomba waonane kwenye kile kihoteli cha supu nyuma ya lango la chuo, akasema atalipa yeye. Yeonju alikwenda kwa sababu kukaa chumbani kulimshinda. Bakuli mbili za wali kwenye supu ya maharage machanga zilikuwa zinafuka mezani, na Changhun alikuwa amechana nywele.

Alianza kwa kumshukuru, na Yeonju hakuweza kustahimili. Akamkatiza. Alimwambia yote kwa pumzi moja: hesabu ya ishirini na kumi na tisa, kimbap, ile sauti ya kaka, rundo la mitihani ndani ya begi. Alisema akitazama supu.

“Nilijua,” alisema Changhun.

“Ulijua nini?”

“Mimi ni mkeka wa siku nyingi, Yeonju. Kila darasa limeninunulia ile kahawa yenu ya kopo. Ijumaa ya kujitoa ikishapita, Jumatatu nasalimiana na ukuta.” Alikoroga supu yake. “Na mitihani ya zamani ninayo. Niliona huizungumzii, nikanyamaza. Nilijaribu kuikariri, kichwa kikagoma.”

“Basi kwa nini hukujitoa?”

“Nilipanga nile kimbap yako, halafu nijitoe Ijumaa mchana. Sasa ukanichorea yale malori, nikataka kujua yanaishia wapi.” Akacheka kidogo. “Jumatatu nilienda kwenye benchi kuangalia tu kama nitaukuta ukuta. Nikakuta wewe, na madaftari, umekasirika kwa sababu ya kugawanya.”

Yeonju aliinua macho kutoka kwenye supu.

Changhun akatoa simu yake, akaiweka mezani kati ya bakuli, akaigeuza ili aone. Ulikuwa ujumbe kwa Profesa Noh. Kwa adabu zote, Guk Changhun alikuwa anaomba ashushiwe alama yake iwe B, kwa sababu zake binafsi. Ghala lilishamwahidi kazi ya ofisini akihitimu, alieleza, na kule hawaulizi alama, wanauliza cheti. Akishuka yeye, kiti cha sita ni cha anayefuata. Alikuwa ameuliza ofisi ya masomo, wakasema profesa akikubali inawezekana, mradi iwe kabla ya saa kumi na moja.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na nusu.

Yeonju aliutaka ujumbe ule utumwe. Tusimpambe. Aliutaka kwa tumbo na kwa meno, alishaanza kuiona sura ya mama yake akiambiwa, mfanyakazi aliyeajiriwa akiinua beseni, yeye mwenyewe Machi, muhula mpya ukianza, akiingia darasani na begi. Lilikuwa neno moja tu, wala hakuhitaji kulisema. Angeitikia kwa kichwa.

“Dada yako ameyaona matokeo?” aliuliza.

“Ameyaona. Alidhani nimeyatengeneza kwenye kompyuta.” Changhun alijaribu kuficha tabasamu, likamshinda. “Ikabidi nifungue tovuti ya chuo mbele yake. Ndipo akatoka nje kumpigia baba.”

“Ndiyo A yako ya ngapi?”

“Ya kwanza. Lakini nitaifanyia nini? Siwezi kuila.”

Hapo hasira zikampanda Yeonju, na yeye mwenyewe hakujua zilikuwa za nani.

“Wiki saba nakuinua,” alisema, “halafu unataka kulala chini tena. Na safari hii nikukalie mimi, peke yangu, nikijua ni wewe. Futa, kaka. Futa kabla sijasema ndiyo.”

Changhun hakufuta wala hakutuma. Aliiacha simu palepale, akashika kijiko. Yeonju naye akashika chake. Wakala, na simu ikawa katikati yao, kioo kikizimika, Changhun akikigusa kiwake tena, kana kwamba anamwachia mlango. Mama mwenye kihoteli alileta kimchi nyingine, ile kabichi ya kuchachusha, bila kuombwa, akaitazama ile simu, akawatazama wao, akaondoka. Kila kijiko Yeonju alichomeza kilisukuma lile neno chini, na kila mara likapanda tena. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akatia wali.

Saa kumi na moja ikafika kwenye saa ya ukutani, ikapita. Kioo kilizimika, na Changhun hakukigusa. Yeonju ndipo alipouachia ukingo wa meza. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia mtu aliyeibiwa, na aliyesimama pembeni akimwangalia mwizi. Kesho angempigia mama amwambie ufadhili haukuwepo, na mama angemuuliza ni nani aliyempita, naye ingembidi ajibu kwamba mmoja ni rafiki yake, na mwingine alimfundisha mwenyewe.

Akapangusa uso kwa kiganja. Akasogeza bakuli pembeni, akatoa kalamu, akavuta karatasi ya kufutia mikono akaitandaza mbele ya Changhun.

“Swali la nne,” alisema. “Ulilifanyaje?”

Changhun akaichukua kalamu. Kisha akaanza kuchora, polepole, malori na maboksi, vilevile kama alivyochorewa. Ilimchukua mistari minne. Jibu lilikuwa jepesi, na lilikuwa limekaa muda wote pale pale ambapo Yeonju alikuwa amemwonyesha siku ya Jumatatu ile, na kulielewa kulimuuma kuliko kulikosa.

“Rudia,” alisema. “Anzia mwanzo.”